Fundi kashakula hela na kazi imesimama: mwongozo kamili wa kumaliza ugomvi wa mkataba wa ukarabati wa nyumba hapa Dar

Ukarabati wa nyumba hapa mjini huwa unaanza vizuri sana. Fundi anakuja na futi, anapima chumba, anakuita bosi kila baada ya neno, anakwambia wiki tatu tu unarudi kwenye nyumba yako. Wiki ya sita inafika bafu halina mlango, jiko limejaa vumbi la plasta, fundi yupo "njiani anakuja" tangu Jumatatu na simu yake ikipatikana anapokea saidia fundi. Hapo ndo watu wengi wanafanya moja kati ya mawili, either wanaendelea kutuma hela kwa matumaini au wanaenda kumtafuta na hasira. Zote mbili zinakuharibia.

Mimi nasema hivi, ugomvi na fundi ni hesabu kabla haujawa sheria. Umelipa ngapi, kazi gani imefanyika kweli, na kumalizia kutagharimu ngapi. Mwenye majibu ya hayo matatu, na ushahidi wake, anamaliza jambo hata kwa mwenyekiti wa mtaa bila kufika mahakamani. Asiyekuwa nayo atazungushwa hata akiwa na wakili. Kwahiyo karibu hatua zote hapa chini ni za kutengeneza hiyo hesabu, mahakama inakuja mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: funga pochi, lakini kwa akili

Ukishaona kazi imeanza kupigwa kalenda, usitume tena hela yoyote ya "nimalizie tu hapa bosi". Hata elfu hamsini. Fundi aliyebanwa na madeni ya saiti nyingine anachukua hela yako anaenda kuzima moto kule, wewe unabaki na meseji ya shukrani. Kama kuna kitu kinahitajika kweli ili kazi iendelee, mfano mifuko miwili ya saruji au gundi ya marumaru, nenda hadiwea mwenyewe ununue, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kipeleke saiti, kipige picha kikiwa pale.

Ila angalia na upande wako. Kama mlikubaliana malipo ya pili yanatoka plasta ikiisha na plasta imeisha vizuri, halafu wewe ndo hujatoa, basi anayevunja makubaliano kwa sasa ni wewe, na fundi ana haki ya kusimama. Kadhalika kama ulikubali kuleta vifaa mwenyewe na marumaru zimechelewa wiki mbili kwa sababu yako, hizo wiki mbili usimhesabie yeye. Jiulize haya mapema maana yeye atakuja nayo, tena mbele za watu.

Na pita kwenye hadiwea anayochukulia vitu. Mafundi wengi wanakopa kwa jina la "bosi wa ile nyumba ya kona". Mwambie mwenye duka kabisa, kuanzia leo hakuna kitu kinachotoka kwa jina langu bila mimi kupiga simu, na umtumie meseji ya maneno hayo hayo ili ibaki.

Hatua ya 2: kusanya mlichokubaliana, hata kama hakuna karatasi

Wengi wanakata tamaa hapa, "sina mkataba". Unao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10 inatambua makubaliano ya watu wazima wenye akili timamu waliokubaliana kwa hiari kwa jambo halali na kwa malipo, na mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Shida ya mdomo ni kuuthibitisha basi, na hapo simu yako inakuokoa, kwasababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu meseji na kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi.

Tafuta hivi vitu uviweke sehemu moja: ile karatasi ya daftari aliyokuandikia makadirio (hata kama imechafuka kwa rangi), meseji za WhatsApp na voisi zake, meseji za miamala yote uliyomtumia, risiti za vifaa, picha za nyumba kabla hajaanza. Za miamala usitegemee meseji peke yake, omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu yako ukaichape, inatoka na tarehe na jina la aliyepokea. Kama ulimpa keshi, andika siku, kiasi na nani alikuwepo, halafu mtumie fundi meseji ya kawaida kabisa isiyo na ugomvi: "Fundi habari, naweka hesabu sawa, mpaka sasa nimekupa 4,500,000 ikiwemo ile laki tano ya keshi ya Jumamosi, ni sahihi?" Akijibu "ndio bosi" umeshapata risiti. Meseji hii itume kabla ugomvi haujachacha, ukichelewa hajibu tena.

Chat usifute, simu usiuze, na skrinshoti ziwe na namba yake inaonekana sio jina ulilomsevu tu. "Fundi Marumaru 2" haimtambulishi mtu.

Halafu kuna maswali mawili ambayo lazima uyajibu kwa maandishi. Moja, mlikubaliana leba chaji tu (yaani unamlipa ufundi, vifaa unanunua wewe) au kazi na vifaa? Maana kama ni leba chaji na vifaa ni vyako, saruji iliyopotea stoo ni swali la nani alikuwa na ufunguo, ila kama alichukua kazi na vifaa, saruji ikipungua ni yake. Pili, kuna kazi uliongeza katikati? Hapa wateja wengi wanajisahaulisha. Ulisema "fundi hebu niwekee na sinki hapo nje" na "hapa ongeza soketi mbili". Hizo ni kazi za nyongeza, zina bei, na ukijifanya hazipo hesabu yako yote inaonekana ya uongo.

Hatua ya 3: kagua na piga picha kabla mtu mwingine hajagusa

Hii ndo hatua ambayo ningeomba usiiruke hata kama una haraka ya kuhamia. Ukishaleta fundi mwingine akabomoa, ushahidi umeenda na kifusi. Pita chumba kwa chumba na simu, video moja ndefu ukiongea, "leo tarehe fulani, hapa jikoni, marumaru zimeishia hapa", halafu picha za karibu za kila kasoro ukiweka futi pembeni ionekane ukubwa. Zitume siku hiyo hiyo kwa ndugu au kwenye barua pepe yako ili tarehe ibaki.

Kukagua kwenyewe sio lazima uwe injinia. Marumaru zigonge na sarafu moja moja, iliyokaa vizuri inatoa mlio mzito, iliyo na uwazi chini inalia kama debe, na hiyo ndo itakayopasuka ukiweka friji. Weka alama ya chaki kwenye kila inayolia halafu upige picha. Bafuni mwaga ndoo ya maji uangalie inaelekea wapi, yakituama kona ya mlango badala ya kwenda kwenye tundu basi mteremko umekosewa na hapo hakuna kurekebisha kwa grauti (ile ya kujazia maungio ya marumaru), ni kubomoa. Plasta ikwangue kwa kucha au funguo, ikitoka unga wa mchanga kirahisi basi saruji ilikuwa chache au haikumwagiliwa maji siku zake. Weka rula ndefu ya alminiam au ubao ulionyooka ukutani uone mawimbi. Milango ifunge na kufungua yote, madirisha ya alminiam yasukume, pima maji iweke juu ya kaunta. Paa usilisubiri mvua za Machi, chukua mpira wa maji mpandishe kijana amwagie kwenye maungio na misumari huku wewe uko ndani unaangalia dari.

Umeme usiuchokonoe. Kazi za wayaringi zinatakiwa zifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), mtafute mmoja aje akague aandike alichokiona. Na kama yule wa kwanza alikuwa hana leseni, hilo nalo liandike.

Vifaa vilivyobaki vihesabu pia: mifuko ya saruji, boksi za marumaru, ndoo za rangi, nondo. Andika orodha, ikiwezekana saidia fundi au jirani asaini kuwa ameona.

Baada ya hapo lete mafundi wawili tofauti, wasiojuana, kila mmoja akuandikie makadirio ya vitu viwili na avitenganishe: kumalizia kazi iliyobaki, na kurudia kazi iliyoharibika. Jina lake kamili, simu, tarehe, saini. Chagua mtu ambaye yupo tayari kuja kusema mbele ya watu alichokiandika, karatasi ya mtu asiyeonekana haina nguvu. Kama nyumba ni kubwa na hela ni nyingi, lipia mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi yao, ripoti yake ina uzito tofauti kabisa.

Hatua ya 4: piga hesabu yenyewe

Tuseme mlikubaliana milioni 6 kukarabati jiko na bafu, kazi na vifaa. Umeshalipa 4,500,000, kwahiyo yeye alikuwa anakudai 1,500,000 akimaliza. Fundi mpya anasema kumalizia ni 3,300,000 na kubomoa na kurudia bafu ni 600,000, jumla 3,900,000. Hasara yako sio 3,900,000, na wala sio ile 4,500,000 uliyolipa. Toa ile 1,500,000 ambayo ungeilipa hata hivyo, unabaki na 2,400,000. Halafu uliongeza sinki la nje na akaliweka, bei yake tuseme 250,000, hiyo ni haki yake, toa. Unabaki na 2,150,000. Hicho ndo kiasi unachoweza kukisimamia bila kutetemeka.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinakupa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na mkataba kuvunjwa, au ile ambayo mlijua wote tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Kwahiyo kama ulimwambia mapema kuwa unapanga sehemu na ukichelewa utalipa kodi ya mwezi mwingine, na una ushahidi wa kumwambia na risiti ya kodi, iongeze. Ila "usumbufu milioni tano" usiweke, inaharibu sura ya madai yako yote na wanaokusikiliza wanaanza kukuona tapeli mwenzie. Na kama mkataba wenu uliandika faini ya kila siku ya kuchelewa, jua kuwa kifungu cha 74 kinatoa fidia inayostahili isiyozidi kiwango mlichoandika, yaani sio lazima upewe yote.

Kitu kingine, sheria inaangalia kama ulijaribu kupunguza hasara. Ukiacha bafu linavuja miezi sita dari la chini likaoza eti unasubiri kesi, hiyo dari ni yako.

Hatua ya 5: kaa na fundi

Kwa kazi nyingi za mtaani hapa ndo pa kumalizia, sio mahakamani, na nasema hivyo kwa sababu fundi mwenyewe mara nyingi hana hizo milioni mbili ila ana mikono. Mpigie, akikosekana mtumie ujumbe wa kistaarabu: "Fundi shikamoo/habari za kazi. Naomba tukutane saiti Jumamosi saa 4 asubuhi tupitie kazi pamoja na hesabu. Nimeandaa orodha. Ukishindwa siku hiyo nitajie siku nyingine ndani ya wiki hii." Kama ni mtu mzima mpe heshima yake, haikupunguzii kitu. Kuna mafundi wanakimbia kwa aibu tu, kashindwa kukadiria bei, hela imeisha kabla ya kazi, na anajua akija atatukanwa mbele ya wasaidizi wake.

Akija usianze na hela. Zunguka naye na ile orodha, kila kasoro muulize "hapa unasemaje?", na mwache ajieleze. Kasoro nyingine atakubali hapo hapo, andika. Ukimaliza ndo utoe hesabu. Njia za kutokea ni chache: anarudi kumaliza kwa tarehe na wewe unashika hela yote iliyobaki mpaka mwisho, au anarekebisha tu bafu halafu mnaachana, au anarudisha hela kwa awamu, au mnaachana hivyo hivyo kila mtu na chake kama tofauti ni ndogo. Binafsi kama kazi yake ni nzuri ila amechelewa, namrudisha. Kama amelipua kazi, hata akirudi atalipua tena, chukua hela.

Wasaidizi wake nao watakuja wanakudai posho. Wao bosi wao ni fundi, sio wewe. Lakini kama unataka kazi iendelee mnaweza kukubaliana wote watatu kwamba unawalipa moja kwa moja na inakatwa kwenye hela ya fundi, na fundi asaini. Bila saini yake utakuwa umelipa mara mbili.

Mtakachokubaliana kiandikwe siku hiyo hiyo. Majina matatu kila mmoja, namba za NIDA kama zipo, kazi gani itakamilika lini, hela kiasi gani italipwa lini, na nini kitatokea asipotimiza, mfano "nikishindwa kumaliza tarehe hiyo mteja anaruhusiwa kuleta fundi mwingine na gharama itakayozidi nitailipa mimi". Mashahidi wawili, mmoja wake mmoja wako. Mkiona hamuelewani au unahofia atakana, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mwandikishiane pale. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumlazimisha mtu alipe, hilo lijue, kazi yake ni kuwakalisha na kushuhudia, ila karatasi yenye muhuri wa mtaa fundi anaiogopa na hakimu anaielewa haraka.

Kitu kimoja hapo katikati: Baraza la Ardhi na Nyumba sio mahali pake. Watu wanasikia "nyumba" wanakimbilia huko. Lile ni la migogoro ya ardhi, nani mwenye kiwanja, mipaka, wapangaji. Fundi aliyeharibu bafu ni suala la mkataba.

Hatua ya 6: barua ya madai

Akigoma, akikata simu, au akivunja yale makubaliano, mwandikie barua. Wakili sio lazima. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, bila matusi na bila vitisho vya "nitakufunga":

"Tarehe fulani tulikubaliana ukarabati jiko na bafu katika nyumba yangu iliyopo Kimara kwa shilingi 6,000,000. Nimekulipa 4,500,000 (miamala nimeambatanisha). Kazi ilitakiwa kuisha tarehe fulani, haijaisha, na bafu lina kasoro zilizoorodheshwa hapa chini. Gharama ya kumalizia na kurekebisha ni 3,900,000 kwa makadirio niliyoambatanisha. Baada ya kutoa salio lako na kazi ya nyongeza, nakudai 2,150,000. Naomba ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii ulipe au urudi kukamilisha kazi kwa tarehe tutakayokubaliana kwa maandishi. Usipofanya hivyo nitamweka fundi mwingine na nitafungua madai mahakamani bila kukupa taarifa nyingine."

Barua ifike na uwe na ushahidi imefika. Nakala mbili, asaini moja "nimepokea" na tarehe. Akikataa kusaini, mpelekee ukiwa na shahidi au mjumbe wa mtaa anakoishi, halafu ipige picha na uitume pia WhatsApp. Zile tiki mbili zina msaada wake.

Siku hizo zikiisha kimya, na ushahidi umeshaukusanya, basi leta fundi mpya. Risiti zote tunza, sasa hesabu yako inatoka kwenye makadirio inakuwa gharama halisi.

Vitu vya kutofanya hata ukiwa na hasira kiasi gani

Kumshikia vifaa vyake, grainda na ngazi, "mpaka alipe". Unampa yeye kesi ya kukufungulia. Akitaka vifaa vyake achukue, mwandike orodha, asaini kuwa amechukua. Kuchukua vijana waende kumtafuta usiku, hilo halina hata maelezo. Kumrusha mtandaoni na picha na namba yake ya simu na neno "mwizi" juu, ukishindwa kuthibitisha wizi wewe ndo unadaiwa fidia ya kashfa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo.

Polisi je? Mara nyingi kituoni watakwambia hili ni la madai, nenda mahakamani, na wako sahihi, polisi sio wakusanya madeni. Linakuwa jinai kama kulikuwa na udanganyifu tangu mwanzo: alikuonyesha picha za kazi za mtu mwingine na jina la uongo, kachukua advansi hakutokea hata siku moja, au amebeba mabati yako yaliyokuwa stoo kaenda kuyauza. Hapo Kanuni ya Adhabu ina makosa ya wizi na kujipatia mali kwa udanganyifu, nenda uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako pale polisi. Lakini fundi aliyefanya kazi nusu akaharibu, hata kama roho inakuuma, ni deni.

Kama ni kampuni na sio fundi wa mtaani

Hapa una milango mingine. Mkandarasi anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na kufanya ukandarasi bila usajili ni kosa. Tafuta jina lake kwenye orodha yao mtandaoni, angalia na daraja lake, kisha peleka malalamiko kwa maandishi na viambatanisho. Bodi inaweza kumchukulia hatua za kinidhamu kwenye usajili wake, na mkandarasi anayeishi kwa zabuni hiyo inamuuma kuliko barua yako, ila kurudishiwa hela bado ni mazungumzo au mahakama. Jina la kampuni lihakiki BRELA (wakala wa usajili wa biashara na kampuni) pia, maana ukidai lazima umdai aliyeingia mkataba. Kama mkataba ni wa kampuni na hela iliingia akaunti ya kampuni, mdaiwa ni kampuni, sio yule kaka anayekuja na gari.

Soma mkataba wake sehemu ya migogoro. Kama umesema mtaenda kwa msuluhishi, labda kupitia Baraza la Taifa la Ujenzi, anza huko, kwasababu ukikimbilia mahakamani anaweza kuomba kesi isimame mpaka mfuate mlichosaini. Na angalia kama kuna hela ya kushikilia (sehemu ya malipo unayobaki nayo mpaka kasoro ziishe) na kipindi cha matazamio, yaani ile miezi ambayo mkandarasi anarudi kurekebisha kasoro kwa gharama zake. Watu wanayo haki hiyo kwenye karatasi na hawajui.

Hatua ya 7: Mahakama ya Mwanzo

Madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30 yanasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na ukarabati mwingi wa nyumba zetu unaingia humo. Unafungua kwenye mahakama ya eneo kazi ilipofanyika au anapoishi mdaiwa: Kimara, Kawe, Buguruni, Ukonga, Mbagala na kadhalika. Lugha ni Kiswahili na wengi wanajisimamia wenyewe. Unaenda masjala na maelezo yako ya madai, unalipia ada kwa namba ya malipo ya serikali, mdaiwa anapelekewa samansi. Anwani yake uijue, sio "anakaa Mbezi kwa Yusufu huko ndani". Jina lake kamili la NIDA, mtaa, jina la mjumbe wake. Kesi nyingi zinakwama hapa tu, mdaiwa hapatikani.

Ikizidi milioni 30 unaenda mahakama ya wilaya na hapo ningesema tafuta wakili. Kama huna uwezo kuna msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017, mashirika kama LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) yapo hapa hapa Dar, wanakuandalia hata hati. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, lakini mashahidi wanahama na simu zinaibiwa, usiichukulie kama likizo.

Siku ya kusikilizwa nenda na bahasha moja iliyopangwa kwa tarehe: makubaliano, malipo, picha, makadirio au risiti za fundi wa pili, barua ya madai. Nakala kwa ajili ya mahakama na kwa ajili ya mdaiwa, simu yenyewe yenye chat iwe na chaji. Jieleze kwa ufupi kwa mtiririko wa tarehe, halafu ile hesabu ya 2,150,000 isome mstari kwa mstari. Fundi atasema ulimchelewesha, uliongeza kazi, vifaa ulivyonunua vilikuwa feki. Kama umefanya hatua ya 2 vizuri majibu unayo na kazi ya nyongeza umeshaitoa mwenyewe, hapo ndo hakimu anapoanza kukuamini na mengine. Fundi wa pili awepo atoe ushahidi. Mdaiwa asipotokea na kuna uthibitisho wa samansi kumfikia, unaweza kuruhusiwa kuthibitisha upande mmoja, yaani bila yeye kuwepo. Wewe usipotokea kesi inafutwa, kwahiyo foleni ya Morogoro Road sio sababu, toka mapema.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 kukata rufaa mahakama ya wilaya.

Ukishinda, hukumu haiji na hela. Unaomba kukazia hukumu, yaani mahakama isaidie ilipwe kweli, na hapo ndo inahitajika ujue ana nini: bodaboda kwa jina lake, kiwanja, akaunti, hela anayodai kwenye saiti nyingine. Vifaa vyake vya ufundi sheria inavilinda visikamatwe, kwahiyo usiende umepigia hesabu grainda yake. Wengi wanaishia kuomba kulipa kidogo kidogo, laki mbili kwa mwezi, na mimi naona ukubali kama ameanza na awamu ya kwanza pale pale, ila ipitie mahakamani iandikwe kwenye jalada, sio mkubaliane nje kwenye ngazi. Kila awamu ipite kwenye simu au benki ibaki kumbukumbu, akikosa mwezi mmoja rudi masjala wiki hiyo hiyo usisubiri ifike mitatu, na akimaliza yote mwandikie kuwa umelipwa, nakala moja upeleke mahakamani jalada lifungwe.